Matembezi ya familia kuzunguka rasi ya La Botte, Bukavu: njia, saa, watoto na wazee

MwanaIbanda

Likizo kubwa inakaribia, na nimeona wazazi kadhaa humu wakiuliza mahali pa kuwapeleka watoto bila kukodi gari wala kulipa kiingilio. Jibu langu ni La Botte. Ni matembezi mepesi, yapo ndani ya mji wetu wenyewe, na mtoto wa miaka sita huyamaliza kwa miguu yake ikiwa wakubwa hawatamharakisha. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu inaniuma kusikia wakaaji wa Bukavu wakisema kwamba hapa kwetu hakuna pa kutembea, ilhali tunaishi juu ya mwambao ambao wageni husafiri kutoka mbali kuja kuutazama.

Kwa asiyeujua mji: Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini, umekaa kwenye pembe ya kusini ya Ziwa Kivu, na upande wa Ibanda ardhi inaingia majini kwa rasi tano, kama vidole vya mkono uliochovywa ziwani. La Botte ndiyo inayojulikana kuliko nyingine. Ndiyo mnayoiona katika picha nyingi za mji zinazopigwa kutoka vilimani: ukanda mrefu wa kijani, mapaa ya nyumba katikati ya miti, na maji pande tatu.

Anzeni katikati ya mji, upande wa avenyu Patrice Lumumba, kisha mteremke kuelekea shingo ya rasi. Mkishaingia, kelele za magari na pikipiki zinapungua, na barabara inaanza kuifuata ardhi inavyopinda. Ramani hamtaihitaji. Shikeni upande ambao ziwa liko mkono wa kushoto. Mkiendelea hivyo hadi nchani na kurudi, maji yakiwa daima kushoto, mtakuwa mmeizunguka rasi kadiri barabara inavyoruhusu. Mwinuko upo, maana Bukavu haina tambarare, lakini ni wa kupanda taratibu, si ule wa kukata pumzi kama wa kupanda kwenda Kadutu.

Lazima niseme wazi jambo moja ili mtu asije akanilaumu baadaye. Haya si matembezi ya mchangani. Sehemu kubwa ya ukingo iko nyuma ya kuta za parseli, yaani viwanja, za watu, na mara nyingi mtakuwa barabarani huku ziwa likiwa chini yenu, nyuma ya geti au ua wa michongoma. Uzuri uko kwenye nafasi zilizobaki wazi: mahali ukuta unapokatika, mahali mteremko unapokuwa mkali hata hakuna aliyeweza kujenga, au kwenye baraza la hoteli ambako mkiagiza soda mnaruhusiwa kukaa na kutazama. Mwachieni mtoto kazi ya kuzitafuta nafasi hizo. Ataziona kabla yenu.

Kuhusu saa, msimamo wangu ni mmoja: asubuhi. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa saa mbili au tatu za kwanza maji hutulia kabisa. Ndipo wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanaporudi. Mitumbwi yao hufungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma, na wavu hushushwa katikati usiku, taa zikiwaka ili kuwavuta samaki. Wakirudi wanapiga kasia kwa wimbo, na sauti hizo husafiri juu ya maji hadi mahali mliposimama. Waelezeni watoto kwamba samaki huyo wanayemla nyumbani na bugali hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu lilikuwa na aina chache sana za samaki na sehemu ya katikati ya ziwa haikuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Leo maelfu ya familia, upande wetu na upande wa Rwanda, zinaishi kwa sambaza.

Jambo la mwisho ni majira. Wengi watakwenda Julai na Agosti kwa sababu shule zimefungwa na mvua hakuna, nalo ni sawa, viatu vitabaki safi. Lakini kiangazi huwa na ukungu mkavu wa moshi na vumbi unaoificha milima. Anayetaka kuona vilima vya Rwanda ng'ambo vikiwa wazi, hadi mipaka ya mashamba, na aende asubuhi moja baada ya usiku wa mvua. Nikilazimika kuchagua, mimi huchagua siku hiyo.

Mama_wa_Mapacha

Asante, ndugu, kwa maelezo haya yenye uangalifu. Nina maswali ya mama. Watoto wangu wawili bado hawajafikisha miaka miwili, na mama mkwe anatembea kwa fimbo lakini hataki kuachwa nyumbani. Je, gari la kusukuma watoto linapita? Kuna mahali pa kumpumzisha mzee? Na ile haja ambayo haingoji, mtu anaitimizia wapi?

MwanaIbanda

Mama, kigari kiacheni nyumbani. Kuna vipande ambavyo lami imechimbika, na kuna mahali ambapo mtaro uko wazi kando ya barabara, kwa hiyo mtabeba kigari badala ya kigari kubeba watoto. Wafungeni mgongoni kwa kitenge, mmoja kwako na mmoja kwa baba yao au kwa dada, kama tunavyofanya siku zote, na mikono yenu itabaki huru.

Kwa mama mkwe, msimpangie safari ya kuzunguka yote. Mwende naye hadi kwenye nafasi ya kwanza au ya pili ya kuonea ziwa, akae na mmoja wenu, na wengine waendelee na kurudi. Chukueni kigoda au mkeka, kwani mabenchi ya umma msiyategemee. Anapoamua kwamba imetosha, pikipiki itamrudisha, ila zungumzeni na dereva mnayemfahamu mapema, na mwambieni aje taratibu. Kuhusu haja, ndiyo sababu nimetaja hoteli. Mkinunua chai au soda, hakuna atakayewakatalia choo.

Na mavazi. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi kuna baridi hata wakati wa kiangazi. Watoto wavae sweta ambayo wataivua saa tatu. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, pamoja na ndizi na mikate, maana ndani ya rasi maduka ni machache kuliko mjini.

Mwalimu_wa_Jiografia

Naomba kuongeza jambo ambalo wazazi wanaweza kuwasimulia watoto wakiwa wamesimama hapo, kwa sababu sura ya La Botte ina maelezo, na mtoto akiyapata hataliangalia ziwa tena kwa namna ileile.

Zamani maji ya eneo hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, yaani upande wa Nile. Kisha volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia hiyo. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakajaza mabonde moja baada ya jingine, hadi yalipopata upenyo mpya upande wa kusini. Upenyo huo ndio mto Ruzizi, unaotoka ziwani hapahapa Bukavu na kuteremka hadi Tanganyika. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilianza kumwagika kusini miaka elfu kumi hivi iliyopita, muda mfupi sana katika umri wa ardhi.

Sasa tazameni rasi zetu kwa macho hayo. Muhumba, Nguba, La Botte na wenzake ni migongo ya vilima iliyobaki juu maji yalipopanda, na ghuba zilizo kati yao ni mabonde yaliyozama. Ndiyo maana mnapotembea mnahisi mko juu ya kilima na wakati huohuo mko ufukoni. Hamkukosea, mko kwenye vyote viwili. Simameni mahali ukingo unapoonekana vizuri, mwonyesheni mtoto jinsi mteremko unavyoshuka kuanzia barabarani, kisha mwambieni afikirie mteremko uleule ukiendelea chini ya maji.

Hapo ndipo penye onyo. Kwa kuwa ukingo ni ubavu wa kilima kilichozama, kina huongezeka ghafla. Hakuna ule mchanga wa kuingia polepole hadi magotini, kisha kiunoni. Mtoto anayeteleza kutoka kwenye jiwe anaweza kujikuta papo hapo mahali pasipo na chini. Pale ambapo njia inafika majini, mtoto mdogo ashikwe mkono, wala asiambiwe tu «kaa karibu». Na familia itakayoamua kupanda mtumbwi ihakikishe kila mtu, hata anayejua kuogelea, amevaa jile yake, yaani koti la kuelea majini, kabla ya kuondoka ukingoni.

Udongo mwekundu mtakaouona kwenye kingo za barabara ni lava ya zamani sana iliyooza. Ukilowa unateleza vibaya, na mvua ikinyesha mfululizo huporomoka, jambo ambalo mitaa yetu ya milimani inalijua kwa uchungu. Kwa hiyo asubuhi ile baada ya mvua anayoisifu MwanaIbanda ni nzuri kweli, mradi mbaki barabarani na kuviacha vijia vya udongo vinavyoteremka majini hadi vikauke.

Mgeni_kutoka_Lubumbashi

Tunatarajia kuja Bukavu na watoto kumtembelea dada yangu, na uzi huu umetufurahisha mno. Sisi wa Lubumbashi tumezoea tambarare, kwa hiyo nawashukuru kwa tahadhari ya mwinuko. Lakini mke wangu amesikia habari za gesi katika Ziwa Kivu na ana hofu. Je, ni salama kutembea na watoto karibu na maji hayo?

Mwalimu_wa_Jiografia

Ndugu mgeni, mke wako ana haki ya kuuliza, na swali lake linastahili jibu kamili.

Gesi ipo. Ndani ya ziwa kuna kaboni dioksidi na methani nyingi mno, zimeyeyuka katika maji ya chini na kushikiliwa huko na uzito wa maji yaliyo juu. Methani hiyo, upande wa Rwanda karibu na Kibuye, huvutwa kwa mabomba na kuzalisha umeme. Lakini akiba kubwa iko katika bonde kuu la ziwa, kwenye kina cha zaidi ya mita 260, na ziwa lenyewe linakaribia mita 480 mahali penye kina kirefu kabisa, upande wa kaskazini. Ghuba ya Bukavu ni bonde jingine dogo, lenye kina cha mita mia moja hivi, ambalo limetengwa na bonde kuu kwa sakafu iliyoinuka. Maji mnayoyatazama kutoka La Botte hayana akiba hiyo chini yake.

Kuna pia mazuku, gesi nzito inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo, ambayo imeua watu na mifugo. Hayo ni mambo ya Goma na barabara ya Sake, karibu na Nyiragongo na Nyamulagira. Kwetu, mzazi anayetembea na watoto aangalie vitu vitatu: kina cha maji, utelezi wa udongo, na magari kwenye kona.

Mzee_wa_Bagira

Wanangu, nimewasoma wote kwa furaha, ila mmelipita haraka jambo ambalo kwangu ni zito.

Mji huu uliitwa Costermansville hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika mji huo wa kikoloni rasi zilikuwa za Wazungu. Nyumba zile za baraza za mviringo na madirisha marefu ambazo bado mnaziona La Botte zilijengwa kwa ajili yao. Baba zetu walilala Kadutu na Bagira, wakateremka alfajiri kufanya kazi katika bustani na majiko ya rasi, na jioni walitakiwa wawe wamerudi kwao. Mimi nililijua ziwa nikiwa mtoto kwa kulitazama kutoka juu. Kwa hiyo mjukuu wangu anapotembea pale akiwa amevaa viatu vyake vizuri, bila kuulizwa anatafuta nini, naona jambo kubwa limetendeka.

Lakini mwambao haujafunguka kama ulivyopaswa kufunguka. MwanaIbanda amesema kwa upole kwamba ukingo uko nyuma ya kuta. Mimi nasema ni hasara ya watoto wote wa mji huu. Maji ni mali ya umma, na sheria ya maji ya mwaka 2015 inalisema hilo, lakini mali ya umma isiyofikika kwa miguu inabaki kuwa ya mwenye geti. Kila mwaka nafasi moja au mbili tulizokuwa tukizipitia zinazibwa kwa matofali, na hakuna anayepiga kelele kwa sababu waliozoea kupita pale ni watoto na wanawake wenye bido, yaani madumu, za maji. Mkienda na familia, wafundisheni watoto kuzijua nafasi zilizobaki. Zinazotembelewa ni ngumu zaidi kuzibwa.

MwanaIbanda

Mzee, shikamoo, na asante. Umelisema jinsi lilivyo, nami nakubaliana nawe kabisa. Nilichagua upole kwa sababu niliogopa wazazi wasome habari ya kuta kisha wakae nyumbani. Ulichosema mwishoni ndicho hasa kinachonifanya niandike: watu wakipatembea, panabaki na wenyewe. Naomba tu tuwe na adabu kwa wakaaji. Wapo wenye parseli wanaomruhusu mpita njia kusimama ndani ya geti lao ili watoto watazame maji, na ruhusa hiyo hupatikana kwa salamu njema, si kwa kusukuma mlango.

Kijana_wa_Nguba

Kwa ruhusa ya wakubwa, nina mambo mawili.

La kwanza ni taka. Mtakaposhuka mahali maji yanapofikika, mtakuta chupa za plastiki zimekusanyika, na watoto watauliza zimetoka wapi. Hazikutupwa zote hapo. Mvua inazisomba kutoka milimani, zinapita kwenye mitaro na mito kama Kawa, zinaingia ziwani, kisha zinavutwa na mkondo kuelekea Ruzizi. Huko zinaziba mitambo ya umeme, na mafundi hulazimika kuzitoa kwa mikono na kwa mashine, na umeme unapungua majumbani mwetu. Kijana anayeiona chupa ikielea La Botte anaweza kufuatisha njia yake hadi kwenye taa inayozimika nyumbani kwao. Sisi vijana tunapotembea huko tunachukua gunia tupu. Halijawahi kurudi tupu.

La pili ni picha. Ndani ya rasi kuna makazi ya viongozi na walinzi wenye silaha mlangoni. Pigeni picha za ziwa, za watoto, za mitumbwi. Msielekeze simu kwenye geti lenye askari, wala bandarini. Na kwa hali ilivyo mjini sasa, kila familia ipime siku yake: ulizeni wakaaji wa mtaa jioni ya kabla, mwende wengi pamoja, na muwe nyumbani kungali mchana kabisa.

Mgeni_kutoka_Lubumbashi

Nimemsomea mke wangu majibu yote, na hofu ya gesi imemtoka. Sasa anaulizia jile za watoto. Dada yangu anaishi Muhumba. Je, rasi hiyo nayo inatembeleka, au tuje moja kwa moja La Botte?

MwanaIbanda

Muhumba inatembeleka, na kwa kuwa mtakuwa wenyeji wa hapo, itembeeni jioni ya siku ya kwanza ili miguu ya watoto izoee mwinuko na vifua vyao vizoee hewa ya juu. Ina miti mikubwa na mitaa mitulivu, lakini nafasi za kuona maji ni chache zaidi. La Botte iwe ya asubuhi ya pili au ya tatu.

Mama_wa_Mapacha

Tumeamua kwenda. Mama mkwe amesikia kwamba atapata kigoda na amekubali. Swali langu la mwisho: Jumamosi au Jumapili?

MwanaIbanda

Jumapili, Mama. Jumamosi asubuhi mnaweza kukutana na salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, na magari ya kazi bado yanapita. Jumapili barabara ni tupu hadi watu watoke kanisani. Mkisali misa ya kwanza, mtoke na watoto wakiwa tayari na sweta zao, mtafika shingoni mwa rasi kabla ya upepo kuanza, ila wavuvi watakuwa wameshapita. Kama mnawataka wavuvi, nendeni kwanza matembezini, kisha misa ya saa nne. Mama mkwe achague.

Mama_wa_Mapacha

Amechagua wavuvi.